Nafasi ya Mistari Miwili

Karatasi imefika Jumanne, kwa mkono wa sheha,
imekunjwa mara nne, ina alama ya kidole cha mafuta.
"Bikombo," kasema, "ya kaka yako hii, kutoka Unguja.
Muhuri wangu nishaweka. Uliobaki ni wewe."

Swali la kwanza, jina lake. Shaame Faki Mbarouk.
La pili, uhusiano wako na mgonjwa.
Naandika: ndugu, tumbo moja.
La tatu, uhusiano wako na marehemu.
Naandika: ndugu, tumbo moja.
Kalamu haikusita. Niliyesita ni mimi.

Jaji alisema maneno ambayo mpaka leo
sijui niyashike upande gani:
alitenda, ila hakuwa na akili zake, kwa hiyo hana hatia.
Mama akasimama palepale mahakamani:
"Kama hakuwa yeye, basi mwiteni huyo aliyekuwa."
Askari mmoja alicheka, kisha akaona haya.

Hakufungwa. Hakuachiwa.
Walimpandisha boti na pingu zake, hao, Kidongo Chekundu,
jina ambalo kwetu Mtambwe watoto hutukanana nalo.
Wodi ya mwisho, mlango wa nondo,
askari nje, muuguzi ndani;
nani kati yao mwenye mtu, hawajaafikiana.

Mwizi wa ng'ombe aliyeshitakiwa wiki ileile
alijua siku yake ya kutoka.
Shaame aliambiwa: mpaka itakapoamuliwa.
Hiyo utaichoraje ukutani kwa mkaa?

Nimemzuru mara tatu kwa miaka kumi na moja.
Ya kwanza, alikuwa kama unga uliorowa,
mate yanamtoka, jina langu limemkwama.
Ya pili alikuwa mzima, na ndiyo iliyokuwa mbaya.
Dawa ilimrudishia akili,
na akili ikamrudishia Khatibu.
Alikaa chini ya dirisha, hakuniomba hata msamaha.
Aliuliza tu: "Alisema kitu?"
Ya tatu, alikuwa akishona foronya za hospitali.
Alinionesha pindo. Limenyooka.

Muuguzi akanivuta kando:
"Huyu angelikuwa kwenu tangu mwaka wa tano.
Daktari ameandika barua nne.
Moja ilipotea. Moja ilirudi, haina nambari ya jalada.
Moja ipo juu ya meza ya mtu aliyestaafu.
Ya nne, omba dua."

Huenda ya nne ndiyo hii.

Swali la tisa: je, dawa zinapatikana karibu?
Naandika: ndiyo, zikiwepo.
La kumi: nani atamsimamia? Mimi.
La kumi na moja: je, ana silaha nyumbani?

Panga lile lilichukuliwa kuwa kielelezo.
Halijarudi. Na halikuwa letu,
tuliliazima kwa Bi Mgeni kufyekea kiambaza.
Kila mwaka ananikumbusha, kwa adabu.

Fomu haiulizi kuhusu mganga,
aliyechukua mbuzi wawili akasema shetani katoka.
Haiulizi siku arubaini tulizomfunga kwenye nguzo ya banda,
wala ni nani aliyeifungua kamba
kwa sababu alimwona kaka yake analia.
Alikuwa Khatibu. Hapo hapana pa kuandika.

Mwisho: *Maoni ya familia. Je, mko tayari kumpokea?*
Nukta nukta, mistari miwili.

Mwanangu amelala chumba cha pili.
Nilimpa jina la mjomba wake;
atakayeingia mlangoni ataitwa mjomba pia.
Nimekaa mpaka taa ikapungua mafuta.

Naandika: Aje.

Mstari mmoja na nusu umebaki, nauonea haya utupu wake.
Naongeza, kwa herufi ndogo:
mleteni na sindano za miezi mitatu,
na mtu wa kutuelekeza, japo siku moja.

Kesho, nikishampa sheha karatasi yake,
nitapitia dukani nimnunulie Bi Mgeni panga jipya.
Na letu nitampa.
Yakae kwake yote mawili.